Kiti cha Nyuma: Historia ya Pikipiki ya Safari ya Wawili

Kila chombo cha safari kina watu wa namna mbili: yule aongozaye na yule achukuliwaye. Nahodha ana usukani, abiria ana tumaini. Katika jahazi, katika merikebu na katika gari moshi, abiria alitengewa mahali pake tangu siku chombo kilipobuniwa, maana pasipo abiria na shehena chombo hakina kazi. Pikipiki haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa chombo cha mtu mmoja, na mtu wa pili alikuja nyuma yake kama mgeni afikaye chakula kimekwisha kupakuliwa. Historia ya mgeni huyo, na ya jinsi alivyotafutiwa mahali pa kukaa, ni historia ya zaidi ya miaka mia moja. Na mtu atakaye kuchagua pikipiki ya safari ndefu, ambayo atapanda pamoja na mkewe, mumewe, nduguye au rafikiye, atapata ndani yake mafunzo ambayo muuzaji dukani hana haja ya kumpa.

Mwaka 1885, huko Cannstatt karibu na mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na injini ya petroli ya silinda moja, ambayo nguvu yake ilikuwa kadiri ya nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Ubavuni palikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kukizuia kisianguke. Nia ya mafundi hao haikuwa kuwapa watu pikipiki. Walitaka kuijaribu injini yao, na chombo kile kilikuwa kama meza ya majaribio iendayo. Katika Novemba mwaka huo, Paul mwana wa Daimler alikipanda mpaka Untertürkheim, na husimuliwa kwamba tandiko lilishika moto njiani kwa sababu ya kibomba cha moto kilichokuwa chini yake kwa kuwashia injini. Ikiwa mwenye usukani alikaribishwa kwa ukarimu wa namna hiyo, si ajabu kwamba hapana aliyemkumbuka abiria. Mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuuza pikipiki zilizoundwa kwa wingi, na hizo nazo zilikuwa za mtu mmoja.

Abiria alipotaka kupanda, alipewa kile kilichokuwako, yaani keria. Katika zama za farasi huko Ulaya mwanamke alikuwa akifungiwa mto nyuma ya tandiko la mwanamume, akakaa upande. Desturi hiyo ilihamishiwa katika pikipiki pasipo kufikiriwa kwamba farasi ana mgongo wa nyama na pikipiki ina mgongo wa chuma. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefungwa moja kwa moja katika fremu bila springi. Mwendeshaji alikuwa na tandiko lenye springi zake, tena alikaa baina ya magurudumu mawili, mahali ambapo mtikisiko hupungua. Kila mtu wa pwani anaijua kanuni hiyo, kwa kuwa akaaye katikati ya mashua harushwi na mawimbi kama akaaye tezini. Abiria alikaa tezini. Alikuwa juu ya ekseli hasa, pengine nyuma yake, na kila jiwe lililokanyagwa na gurudumu lilipanda kwa njia ya chuma mpaka uti wa mgongo wake. Fauka ya hayo hakuwa na usukani wa kushika, wala hakuiona barabara iliyo mbele, hata akajiandae kwa pigo linalokuja. Waswahili husema kwamba kitanda usicholala hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi waundaji wa pikipiki hawakulala kitanda hicho.

Dawa ya kwanza ilikuwa ni kumwondoa abiria nyuma kabisa. Palikuwa na vyombo vilivyomweka mbele, katika kiti kilichobebwa na magurudumu mawili, mwendeshaji akiwa nyuma yake. Lakini abiria huyo alipokea vumbi lote na upepo wote, na ajali ilipotokea yeye ndiye aliyekuwa ngao. Mwaka 1903 W. J. Graham wa Uingereza alipata hati ya uvumbuzi wa kigari cha ubavuni, chenye gurudumu lake, kinachofungwa pembeni mwa pikipiki. Hapo abiria alipata kiti cha kuegemea, mahali pa kunyosha miguu, na baadaye hata kioo cha kuzuia upepo na paa la turubai. Chombo kiliacha kuwa cha mtu mmoja kikawa cha jamaa.

Ushuhuda wa thamani ya kigari hicho ulitolewa Marekani mwaka 1915. Katika mwezi wa Mei Effie Hotchkiss, binti wa Brooklyn katika mji wa New York, aliondoka na pikipiki ya Harley-Davidson yenye gia tatu akielekea San Francisco, na katika kigari cha ubavuni alikuwamo mama yake, Avis. Njia nyingi za magharibi wakati huo zilikuwa za udongo, mchanga na mawe. Mipira ya ndani ya matairi ilipowaishia, walikata blanketi, wakalikunja na kulishindilia ndani ya tairi, wakaendelea. Katika Agosti walifika Bahari ya Pasifiki, wakamwaga ndani yake maji ya Atlantiki waliyoyachukua kutoka kwao. Hadithi hii husimuliwa kwa sifa ya binti aliyeendesha, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mama mtu mzima aliweza kuvuka bara zima akiwa abiria wa pikipiki. Hakuweza kwa sababu ya nguvu ya injini. Aliweza kwa sababu alikuwa na mahali pa kukaa.

Raha hiyo ilikuwa na bei yake. Pikipiki yenye kigari haiinami katika kona kama pikipiki tupu. Huvutwa upande mmoja inapoongezewa mwendo na upande wa pili inapopigwa breki, na uzito wake hula petroli. Juu ya hayo, mshindani alitokea. Henry Ford alikuwa akishusha bei ya gari lake la Model T mwaka hata mwaka, hata ilipofika 1925 gari jipya liliweza kununuliwa Marekani kwa chini ya dola 300. Kwa fedha hizo jamaa walipata magurudumu manne. Katika Uingereza kigari cha ubavuni kiliishi zaidi, kwa kuwa motokaa zilikuwa ghali, lakini huko nako motokaa ndogo zilikiondoa barabarani kidogo kidogo. Abiria wa pikipiki alirudishwa nyuma, katika keria ile ile aliyoikimbia.

Lakini alirudi akiwa na sheria mkononi. Sheria ya Barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 iliamuru kwamba pikipiki ya magurudumu mawili isichukue zaidi ya mtu mmoja pamoja na mwendeshaji, na kwamba mtu huyo akae kwa kutanua miguu huku na huku, juu ya kiti halisi kilichofungwa imara nyuma ya kiti cha mwendeshaji. Maneno hayo ni machache, walakini ndani yake mna mapinduzi. Kabla yake abiria alikuwa mzigo unaoweza kuwekwa popote panapoenea. Baada yake alikuwa mtu mwenye kiti, na kiti hicho kilikuwa sharti la kumchukua. Sheria haikusema kiti kiwe cha raha. Ilisema tu kiwe kiti. Raha ilikuwa kazi ya mafundi, nao hawakuwa wepesi.

Wakati huo huo wasafiri walikuwa hawawangoji mafundi. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki moja ya Panther yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 600, ikiwa na kigari cha ubavuni na tela nyuma yake. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Nigeria na nchi za ikweta, wakashuka kwa njia ya Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai 1935 walifika Cape Town. Jangwani injini yao iliharibika, ikawa lazima wavutwe kwa kamba. Safari yao yafundisha kwamba watu wawili wakikusudia jambo, hata chombo kizito na kigumu kitawafikisha. Lakini yafundisha pia kwamba uvumilivu wa msafiri si sifa ya chombo. Mtu asichanganye mambo haya mawili anapochagua. Kwamba watu wamekwisha kwenda mbali kwa pikipiki fulani si dalili kwamba pikipiki hiyo yafaa. Pengine ni dalili ya ugumu wa watu hao.

Jambo lililombadilishia abiria maisha lilikuwa springi ya gurudumu la nyuma. Mwaka 1938 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitia springi za nyuma katika pikipiki yake ya R51. Nchini Ireland ya Kaskazini, Rex McCandless na nduguye Cromie wa Belfast walibuni fremu ambayo gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono unaopanda na kushuka, ukituzwa na springi na shokomzoba mbili. Kampuni ya Norton iliitumia fremu hiyo katika mashindano ya mwaka 1950, na mpanda pikipiki Harold Daniell alipoijaribu alisema kwamba ni kama kupanda godoro la manyoya; jina hilo la godoro likaishika fremu hiyo hata leo. Ni ajabu kwamba ulaini huu ulitafutwa kwa ajili ya mwendo wa mashindano, ambako hakuna abiria, kisha faida yake ikamfikia yeye. Gurudumu lishikalo ardhi daima huenda kasi zaidi. Na gurudumu lishikalo ardhi daima halimrushi aliye juu yake. Huko Marekani Harley-Davidson walitia springi na shokomzoba za nyuma katika pikipiki yao kubwa ya mwaka 1958, wakaiita Duo-Glide, jina lenye maana kwamba sasa magurudumu yote mawili yanateleza. Katika miaka hiyo hiyo keria yenye mto iliacha nafasi kwa kiti kimoja kirefu cha watu wawili.

Adui wa pili alikuwa mtetemo. Pistoni iendayo juu na chini hutikisa fremu yote, na mtetemo huo, ambao kwa mwendo wa dakika kumi ni mchezo, kwa mwendo wa saa tano huleta ganzi ya miguu na uchovu wa macho. Max Friz wa BMW alikwisha kuonyesha njia moja mwaka 1923 kwa pikipiki ya R32, ambayo silinda zake mbili zililala kulia na kushoto, pistoni moja ikienda kulia wakati ile nyingine inapokwenda kushoto, hata mitikisiko yao ikakaribia kuuana. Pikipiki hiyo ilipeleka nguvu nyuma kwa shafti badala ya cheni, nayo ni neema kwa msafiri wa mbali, kwa kuwa shafti haihitaji kukazwa wala kupakwa mafuta kila baada ya siku chache. Njia ya pili ilitumiwa na Harley-Davidson mwaka 1980 katika Tour Glide: injini iliachwa itikisike kama ilivyozaliwa, lakini ikakalishwa juu ya mipira, ili mtikisiko wake usifike kwenye kiti.

Adui wa tatu, upepo, alishindwa na wapandaji wenyewe. Abiria hukaa juu kuliko mwendeshaji, naye hupigwa kichwani na upepo uliokwisha vurugwa na mabega ya yule wa mbele. Mwaka 1971 Craig Vetter wa Marekani alianza kuuza ngao kubwa ya mbele iliyoitwa Windjammer, ambayo iliweza kufungwa katika pikipiki za namna nyingi. Honda ya Japani ilipoonyesha Gold Wing huko Cologne mwaka 1974, ikiwa na injini ya silinda nne zilizolala, ya sentimita za ujazo 999, iliyopozwa kwa maji, shafti ya nyuma, na tangi la petroli lililofichwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, pikipiki hiyo ilikuwa uchi: haikuwa na ngao wala masanduku wala kiegemeo cha abiria. Wanunuzi wa Marekani waliivika wenyewe. Walitia ngao, masanduku na viegemeo, wakaigeuza gari la safari la mume na mke. Kampuni iliona, ikatii. Mwaka 1980 ilitoa Gold Wing ya sentimita za ujazo 1,100, na pamoja nayo namna iliyotoka kiwandani ikiwa imekwisha kuvikwa ngao na masanduku. Mwaka 1988 ikaja ya silinda sita, na mwaka 2001 ya sentimita za ujazo 1,832. Kiti cha abiria kilikuwa kimekuwa kiti cha enzi, chenye mgongo na mikono.

Katika mwendo huu wote kuna jambo moja lirudiwalo. Raha ya abiria haikutoka katika wema wa mafundi. Ilitoka pale abiria alipopata sauti, kwa njia ya sheria, kwa njia ya fedha, au kwa njia ya kukataa kupanda tena. Basi mtu anayechagua pikipiki ya watu wawili na aanze pale historia ilipochelewa kuanza, kwa yule wa nyuma. Amwite, amkalishe, amwulize. Magoti yake yamekunjwa kwa kadiri gani? Vikanyagio vikiwa juu mno, damu haipiti vema na nyonga huuma kabla ya saa moja. Kiti chake ni kipana au chembamba, nacho kimelala sawa au kinamteremsha mgongoni mwa mwenzake kila breki inapopigwa? Mkono wake una mahali pa kushika? Mguu wake u mbali na bomba la moshi? Kichwa chake kinapigwa na upepo? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa kuitazama pikipiki ikiwa imesimama. Hupatikana kwa kuipanda wawili pamoja kwa muda wa saa moja au zaidi.

Baada ya kiti ni uzito. Kila mwundaji huandika mzigo ambao chombo chake kimeruhusiwa kuchukua, na watu wengi hawasomi. Mathalani, pikipiki ikiruhusiwa kilo 180, mwendeshaji akiwa na kilo 80 na abiria kilo 65, hubaki kilo 35 tu kwa kofia, mavazi, masanduku na vyote vilivyomo. Ikizidi hapo, springi hulala chini kabisa, na springi iliyolala ni sawa na kutokuwa na springi. Breki huchelewa, na gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito hata usukani ukawa mwepesi kwa namna isiyo ya heri. Springi za nyuma na zikazwe, na matairi yaongezwe upepo kama kitabu cha chombo kinavyoagiza, kila mara mtu wa pili anapopanda. Wala ukubwa usiabudiwe. Gold Wing ya masanduku ina uzito wa karibu kilo 400. Mwendeshaji asiyeweza kuituliza inaposimama kwenye mteremko hamfanyii abiria wake hisani. Chombo kizuri ni kile ambacho mmoja anaweza kukimudu na mwingine anaweza kukivumilia.

Katika Afrika ya Mashariki, ambako chombo hiki kilipewa majina ya tukutuku na pikipiki kwa kuigiza sauti yake, swali la kiti cha nyuma ni zito kuliko popote, kwa maana hapa abiria si mwenzi wa matembezi bali ni kazi yenyewe. Bodaboda hutajwa kuwa ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambapo watu wa baiskeli walivusha wasafiri kutoka mpaka mmoja hata wa pili. Juu ya keria ya baiskeli palifungwa mto. Biashara hiyo ilianza kwa mto, kwa kuwa abiria alikuwa mwenye kulipa. Baiskeli ikarithiwa na pikipiki, aghalabu zile zinazotoka India kama Bajaj Boxer, za silinda moja, yenye sentimita za ujazo kati ya 100 na 150. Mwenye bodaboda huchagua kwa bei, kwa unywaji mdogo wa petroli, kwa upatikanaji wa vipuri, na kwa uwezo wa kustahimili barabara mbaya. Hakosi akili kwa kuchagua hivyo, maana ndivyo apatavyo riziki. Lakini juu ya kiti kile kile hupandishwa mama mjamzito aendaye zahanati, mgonjwa asiyeweza kujishika, na mwanafunzi mwenye sanduku lake, safari ya saa mbili katika njia ya makorongo. Nao hawakuulizwa wakati wa kununua.

Desturi iitwayo mishikaki, ya kupanga abiria wawili au watatu nyuma ya mwendeshaji kama nyama katika kijiti, ni kurudi nyuma ya mwaka 1930. Vikanyagio vya nyuma ni viwili, vya miguu miwili. Abiria wa pili hana pa kuweka miguu yake, na asiye na pa kuweka miguu hana kiti, hata akiwa amekaa. Mwenye bodaboda hahitaji Gold Wing ili kumheshimu abiria wake. Sponji ya kiti inayobadilishwa inapochakaa, shokomzoba zisizovuja, vikanyagio vyote viwili vilivyo kamili, chuma cha kushika nyuma, na mtu mmoja kwa kiti kimoja: hayo ni mambo madogo, bei yake ni ndogo, na ndiyo hayo hayo ambayo ulimwengu ulihitaji zaidi ya miaka sabini kuyatambua.

Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na adhabu ya kiti cha nyuma aijuaye ni abiria. Mwendeshaji mwenye busara hangoji kuambiwa. Kabla ya kuinunua pikipiki humpa mwingine usukani, yeye akakaa nyuma.